Jina au mashine: kulinganisha saa za mkononi kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Anayetafuta saa ya mkononi mjini Lubumbashi hakosi pa kuanzia. Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, saa hupangwa mezani bila kujali nasaba yake: iliyoandikwa Rolex hulala ubavuni mwa Casio ya mkanda wa mpira, na zote mbili hung'aa sawasawa juani. Katika maduka ya katikati ya mji hukaa ndani ya kabati za vioo, zikiwa na visanduku na makaratasi yake, na bei hupanda ipasavyo. Wengine humwagizia ndugu anayesafiri Dubai, Guangzhou au Johannesburg. Kinachomsumbua mnunuzi ni kujua pesa anayotoa inanunua kitu gani: mashine iliyo ndani, chuma na kioo vinavyoizunguka, huduma baada ya kununua, au jina lililoandikwa usoni. Vyote vinne ni bidhaa halali, na vyote vina bei yake. Hasara huja pale mtu anapolipia kimoja huku akidhani amelipia kingine.

Ulinganisho huu unahusu makundi manne. La kwanza ni saa za majina makubwa ya Uswisi, yaani Rolex na Omega, na chini yao kwa bei Longines na Tissot. La pili ni saa zenye majina ya mitindo, kama Michael Kors, Emporio Armani na Diesel, ambazo hutengenezwa kwa leseni na kampuni ya Kimarekani ya Fossil. La tatu ni saa za Kijapani za bei ya kati: Seiko 5, Orient, na Citizen zinazotumia nguvu ya mwanga. La nne ni saa za bei nafuu, ambazo mfano wake unaojulikana zaidi ni Casio ya namba. Saa za bandia hazimo katika makundi hayo, ingawa zitajadiliwa kwa ufupi, kwa kuwa ndizo zinazovuruga hesabu ya makundi mengine yote.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua vigezo vitano: usahihi wa kuonyesha wakati, uimara mbele ya vumbi, maji na kazi za hapa kwetu, urahisi wa kupata fundi na vipuri, gharama ya miaka yote pamoja na thamani ya kuiuza tena, na mwisho heshima ambayo saa humpa anayeivaa. Sikuiweka heshima mwisho kwa kuidharau. Ndicho kigezo ambacho watu wengi hukitumia kwanza bila kukitaja, na ni rahisi zaidi kukipima haki vingine vikiwa vimekwisha kujulikana.

Usahihi

Watu wengi hudhani kwamba saa ya gharama kubwa huonyesha wakati kwa usahihi zaidi. Zamani ilikuwa hivyo. Mambo yalianza kugeuka tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipoanza kuuza mjini Tokyo saa iliyoitwa Astron, ya kwanza ya mkononi kuuzwa ikiwa inaendeshwa na kwatzi. Bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na kununua gari wakati ule. Ndani ya saa za aina hiyo kuna kipande kidogo cha madini ya kwatzi ambacho, kikipitishiwa umeme wa betri, hutetemeka kwa kasi isiyoyumba. Katika saa nyingi za leo ni mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti huigawanya idadi hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, mpaka ubaki mpigo mmoja tu kwa sekunde, na mpigo huo ndio unaosogeza mshale. Kazi hiyo haihitaji mkono wa fundi stadi, na kwa sababu hiyo kanuni iliyouzwa kwa bei ya gari hupatikana leo kwa dola chache.

Uswisi ilitikisika vibaya. Waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vyake vya saa walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki takribani thuluthi moja. Viwanda vilivyosalimika vilifuata njia mbili. Swatch, iliyozinduliwa mwaka 1983 ikiwa na vipande 51 tu, ilishindana kwa bei. Majina makubwa yaliacha kuuza usahihi na kuanza kuuza ufundi, uzuri na historia. Mnunuzi anayeelewa jambo hilo hatashangaa kuona namba zifuatazo.

Rolex huahidi kwamba saa yake haitapotoka zaidi ya sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Kwa mwezi mzima hiyo inaweza kufikia dakika moja. Kwa mashine inayoendeshwa na kamani na magurudumu ya meno bila umeme wowote, hayo ni mafanikio makubwa, maana hata cheti rasmi cha Uswisi cha COSC huruhusu kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, haziruhusiwi kuchelewa hata kidogo, na zinaweza kuwahi hadi sekunde 5. Casio F-91W, ambayo imo sokoni tangu 1989, huahidi kutopotoka zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Saa za mitindo hutumia mashine za kwatzi zenye ahadi ya sekunde 20 hivi kwa mwezi, na Citizen za mwanga kwa kawaida sekunde 15.

Anayepata alama ya chini hapa ni Seiko 5 ya otomatiki, yaani ya kamani inayojazwa na mwendo wa mkono. Mashine yake ya 7S26, iliyotumika kwa miaka mingi, inaruhusiwa na kiwanda chenyewe kuchelewa sekunde 20 au kuwahi sekunde 40 kwa siku. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini anayeinunua akubali kuirekebisha mara kwa mara. Pia asibadilishe tarehe kwa kifundo cha pembeni kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati ambapo magurudumu ya tarehe yameshikana; wanaofika Kinshasa kwa ndege ya usiku na kurudisha saa nyuma kwa saa moja walikumbuke hilo.

Uimara: vumbi, maji na sumaku

Kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la Katanga huingia kila mahali. Ndani yake zimo chembe za kwatzi, madini yaleyale yanayoendesha saa, na ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 7. Kioo cha kawaida cha madini, ambacho hutumika katika saa nyingi za mitindo, ni laini kuliko chembe hizo, kwa hiyo kukifuta kwa shati lenye vumbi ni kukikwaruza. Kioo cha Hardlex cha Seiko ni kigumu zaidi kidogo, lakini nacho hupata mistari. Kioo cha yakuti, kilichopo katika Rolex, Omega na Tissot nyingi, kina ugumu wa 9 na hukaa miaka bila alama, ila kikigongwa vibaya hupasuka badala ya kukwaruzika. Kioo cha plastiki cha Casio hukwaruzika upesi kuliko vyote. Hata hivyo hakivunjiki kirahisi, na mikwaruzo yake midogo husuguliwa ikatoka.

Kuhusu maji, maandishi ya mgongoni huwadanganya wengi. Mita 30 haina maana kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Ni kipimo cha shinikizo tulivu, na matumizi yake ni manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Mita 100 ndiyo inayofaa kwa anayeogelea, na mita 200 kwa anayetaka asiwaze kabisa. Rolex zote zenye kifuko cha Oyster hufikia angalau mita 100. Seiko 5 Sports za leo nazo ni mita 100, ilhali Seiko 5 nyingi za zamani ni 30. Za mitindo aghalabu ni 30 au 50. F-91W imeandikwa tu kwamba inazuia maji, basi ichukuliwe kama ya mvua. Anayetaka mita 200 kwa pesa ndogo anazo G-Shock za Casio, zilizoanza mwaka 1983. Kumbuka pia kwamba mipira midogo inayozuia maji huzeeka: saa ya mita 200 iliyofunguliwa mara tatu bila kubadilishiwa mpira ni saa ya manyunyu.

Kuna hatari moja ambayo miongozo ya kununua saa iliyoandikwa Ulaya huipitia haraka, lakini sisi hatuwezi kuipita. Shaba yetu husafishwa kwa elektrolisisi, kama inavyofanyika Shituru kule Likasi, na katika kumbi hizo umeme wa maelfu mengi ya ampea hupita kwenye nyaya nene na kuzalisha sumaku yenye nguvu. Saa ya kamani ikiingia humo, uzi wake mwembamba uliojiviringa, unaoongoza mwendo wa saa, huweza kushika usumaku, mizunguko yake ikabanana, na saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Saa ya kwatzi yenye mishale huweza kusimama ikiwa ndani na kuendelea ikitoka, kwa sababu mota yake ndogo nayo ni sumaku. Saa ya namba, isiyo na mota wala mishale, haijali. Omega zenye cheti cha METAS zimejaribiwa kustahimili nguvu ya sumaku ya gausi 15,000, na ni miongoni mwa saa chache za kamani ambazo sumaku si tatizo kwake. Lakini mvuke wa asidi uliomo katika kumbi hizohizo hautofautishi chuma cha bei kubwa na cha bei ndogo. Mkanda wa chuma karibu na mashine inayozunguka ni hatari kwa mkono wenyewe, si kwa saa tu. Katika kazi hiyo saa ya plastiki inashinda bila mjadala.

Fundi na vipuri

Hapa ndipo mnunuzi wa Lubumbashi hutofautiana kabisa na mnunuzi wa Geneva. Makampuni makubwa ya Uswisi hayamuuzii vipuri fundi yeyote. Huwauzia waliopewa idhini, na huduma hufanyika katika karakana zao. Rolex hupendekeza saa ifanyiwe huduma kamili kila baada ya miaka 10 hivi, na gharama yake ni mamia ya dola. Kabla ya kulipa, swali la kuuliza ni nani ataifungua saa siku ikisimama. Jibu likiwa Johannesburg au Ulaya, ongeza juu ya bei gharama ya usafiri, bima, na miezi ya kungoja. Tissot ni afadhali kidogo kwa mifano yake ya kwatzi, lakini mashine zake za otomatiki zinahitaji karakana yenye vifaa.

Seiko 5 husimama upande wa pili. Mashine ya 7S26, na ile ya 4R36 iliyofuata, zimetengenezwa kwa wingi kiasi kwamba fundi hahitaji kuihurumia: anaweza kuitoa nzima na kuweka nyingine, au kuchuna vipande kutoka saa iliyokufa. Kampuni nyingine nyingi hununua mashine ileile kutoka kundi la Seiko kwa jina la NH36, jambo linalozidisha upatikanaji wake. Orient nayo iko chini ya Seiko Epson tangu 2009, ingawa mashine zake ni zake yenyewe na vipuri vyake ni vichache zaidi mezani kwa fundi.

Kuhusu saa za mitindo, nilichokiona kwenye meza ya fundi mmoja kinaeleza vizuri kuliko maneno mengi. Mteja aliweka mezani saa kubwa na nzito iliyosimama, yenye jina linalotamkwa kwa fahari. Fundi alibana kioo cha kukuzia jichoni, akauchokoa mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu butu. Ndani hamkujaa: katikati ya kifuko kile kipana kulikuwa na mashine ndogo, imezungukwa na pete nene ya plastiki nyeupe iliyoishika isichezecheze, na juu yake maandishi madogo, Miyota 2035. «Papa, hii ni mashine ya Citizen,» fundi alisema, akaonyesha kwa kidole saa ya bei ya chini iliyokuwa pembeni. «Na ile pale inayo hii hii.» Mteja alinyamaza kidogo, kisha akauliza betri ni bei gani.

Swali lake lilikuwa la busara. Miyota 2035 ni mashine nzuri: betri yake ya SR626SW hudumu karibu miaka 3, na ikifa yenyewe hubadilishwa nzima kwa dola chache. Kwa kigezo cha matengenezo, basi, saa ya mitindo ni nafuu sana. Tahadhari iko kwenye betri. LR626 ina ukubwa uleule na bei ndogo, lakini ni ya alkali; huisha mapema na inaweza kuvuja ndani ya mashine. Mwombe fundi akuonyeshe karatasi ya betri kabla hajaifungua.

Casio F-91W haina mengi ya kusemwa. Betri yake ya CR2016 huahidiwa kudumu miaka 7, na ikiharibika kitu kingine, watu hununua nyingine. Citizen ya mwanga inastahili neno zaidi: haihitaji kubadilishiwa betri kila mara, hujichaji kwa jua au hata taa ya ofisini, na modeli nyingi zikijaa hukaa gizani miezi 6 hivi bila kusimama. Mahali ambapo betri halisi na betri mbovu huuzwa kwenye sahani moja, faida hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa na wauzaji wa Ulaya.

Bei, na kuiuza tena

Katika nchi nyingi F-91W huuzwa chini ya dola 30. Citizen za mwanga za kawaida na saa nyingi za mitindo huangukia kati ya dola 100 na 300, na Seiko 5 Sports mpya hukaribia 300 au kupita kidogo. Tissot za otomatiki ni mamia kadhaa ya dola. Rolex za chuma ni maelfu, na modeli yake ya Submariner hucheza karibu na dola 10,000.

Ukitazama siku ya kununua peke yake, orodha hiyo inatosha. Ukitazama siku ya kuuza, mpangilio unageuka. Rolex ndilo jina linaloshika thamani kuliko karibu yote, hata kampuni yenyewe ilianzisha mwezi Desemba 2022 mpango wa kuthibitisha saa zake zilizotumika. Lakini bei za mitumba zilizopanda sana mwaka 2021 zilishuka tangu 2022, kwa hiyo anayeambiwa kwamba saa ni benki aulize ni benki gani inayoshusha amana bila taarifa. Tena thamani hiyo iko mahali ambapo mnunuzi anaamini anachonunua. Bila kisanduku, kadi ya dhamana na risiti, Rolex halali inayouzwa Lubumbashi hukadiriwa kwa hofu, na hofu hukata bei. Omega na Longines hupoteza sehemu kubwa zaidi mara tu zinapotoka dukani. Ndiyo maana anayezitaka kwa akili hununua iliyotumika, yenye makaratasi.

Saa ya mitindo ndiyo inayopoteza zaidi kwa asilimia: anayeuza Michael Kors ya mwaka jana huambulia kidogo sana, kwa kuwa kilichouzwa kilikuwa mtindo, na mtindo umeshapita. Seiko 5 hupoteza pia, kisha hufika kwenye bei ambayo haishuki tena, maana daima kuna mtu anayeihitaji. Casio haina cha kupoteza.

Heshima

Heshima ni bidhaa ya kweli. Tunaishi katika nchi ya Sape, utamaduni wa kuvaa kifahari, ambayo mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki 2016, aliitangaza duniani kote. Kuvaa vizuri na kutaja jina la mbunifu ni lugha inayosikika Kinshasa, na hapa pia inaeleweka. Mtu anayelipia jina hajapumbazwa, ikiwa tu jina hilo litafanya kazi aliyolitumia kwayo. Ili lifanye kazi, mambo mawili lazima yawepo: anayeitazama saa alitambue jina, na aamini kwamba saa ni halisi.

Sharti la kwanza huiangusha Omega na Longines mbele ya watu wengi wa hapa, ambao hawatazitambua, na kuiinua Rolex, ambayo hata mtoto wa shule huijua. Sharti la pili huiangusha Rolex. Jina lililozagaa sokoni kwa nakala limepoteza nguvu ya kushuhudia: anayekuona na Submariner njiani Kamalondo hufikiri kwanza kwamba ni ya bandia, na akifikiri ni ya kweli, huenda ni mtu ambaye usingependa afikiri hivyo, hasa usiku. Heshima ya Rolex halisi mjini kwetu, kwa hiyo, huishi katika vyumba vichache: mikutano na wawekezaji wa migodi, meza za mawakili, hoteli ambamo wageni wanajua kutazama. Nje ya vyumba hivyo mvaaji hulipa bei nzima na kupokea nusu ya matunda.

Saa ya mitindo hupata alama nzuri hapa kuliko wapenzi wa saa wanavyokubali. Jina lake linatambulika kwa vijana, umbo lake limechorwa na watu wanaojua nguo, na kwenye harusi kamera haipimi mashine. Bandia zake pia zipo, lakini kwa kuwa bei ya halisi si ya kutisha, mtazamaji huamini kirahisi zaidi. Seiko na Orient zina heshima ya namna nyingine, ya watu wazima: mzee akiiona Seiko 5 mkononi mwa kijana humuuliza ameipata wapi, na mazungumzo huanza. Casio haina heshima ya kifahari wala haiitafuti, ingawa kumwona mkurugenzi akiivaa bila aibu huacha alama yake.

Maneno «Swiss Made» nayo huuza heshima, basi yajulikane maana yake. Tangu tarehe 1 Januari 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji ziwe zimetumika Uswisi, mashine iwe ya Kiswisi, ifungwe ndani ya kifuko kulekule, na ukaguzi wa mwisho ufanyike kulekule. Ni dhamana nzuri ya kiwango cha chini. Haielezi zaidi ya hapo.

Kuhusu za bandia

Mshale wa sekunde unaoruka mara moja kwa sekunde kwenye «Rolex» ya kisasa unatosha kuikataa, kwa kuwa Rolex za leo ni za kamani na mshale wake hutambaa kwa hatua ndogondogo. Lakini mshale unaotambaa hauthibitishi kitu. Bandia nyingi sasa zina mashine ya otomatiki ya Kichina. Mgongo wa kioo unaoonyesha mashine nao ni ishara mbaya, kwa maana karibu Rolex zote zina mgongo wa chuma uliofungwa. Kwa Seiko 5 za mitumba, tatizo ni uso uliopakwa rangi upya: herufi nene zilizopinda, na rangi kali ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitumia. Kama muuzaji anakataa fundi unayemwamini afungue mfuniko mbele yenu wote, usinunue. Bei ya bandia, hata iwe ndogo vipi, karibu daima hutosha kununua Casio halisi.

Kwa hali yako

Anayefanya kazi kiwandani au mgodini, Likasi au Kolwezi, achukue ya namba yenye kifuko cha plastiki. Akiwa na uwezo, achague G-Shock inayochajiwa na jua. Kama ana saa nyingine anayoipenda, ibaki nyumbani siku za kazi.

Mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa ofisi anayetaka saa moja tu ya kila siku, ya kuvaa pia kanisani Jumapili, ana chaguo zuri katika Citizen ya mwanga, na ndiyo ambayo binafsi ningemwelekeza wa kwanza. Asiyejali kurekebisha dakika na anayependa kuona mashine ikicheza apate Seiko 5, kwa sharti kwamba anaivaa kila siku: ikikaa mezani saa 40 hivi husimama.

Kijana anayejiandaa kwa harusi, au anayenunulia mchumba zawadi, asizuiwe kununua saa ya mitindo ikiwa umbo lake ndilo linalompendeza. Ajue tu kwamba analipia umbo na jina, asikubali maneno ya «mashine ya pekee», na apige bei chini kwa ujasiri, maana nafasi ya kupunguza ipo.

Mfanyabiashara anayekutana na wageni wanaozijua saa, na ambaye tayari ana fedha ambazo hazihitaji mwaka huu, anaweza kununua jina la Uswisi bila kujuta. Anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa anaposafiri, atunze kila karatasi, na achague kati ya mbili akijua tofauti yake: Rolex akitaka kuiuza siku moja, Omega akitaka ubora uleule kwa kelele kidogo. Aliye na fedha za saa hiyo moja tu, na hana akiba nyingine, yuko katika hali tofauti. Kwake Tissot ya otomatiki yenye kioo cha yakuti, ambayo mashine yake ya Powermatic 80 hukaa saa 80 bila kuvaliwa, humpa sehemu kubwa ya anachokitafuta kwa sehemu ndogo ya bei.

Wanaomnunulia baba anayestaafu wamwangalie kwanza mwenyewe. Mzee anayekaa zaidi kuliko anavyotembea hataijaza saa ya otomatiki kwa mwendo wa mkono, na kila asubuhi ataikuta imesimama. Apewe ya mwanga, yenye namba kubwa zinazosomeka bila miwani, na mkanda wa ngozi au wa chuma kulingana na jasho la mkono wake. Kama ni wa chuma, apelekwe mwenyewe dukani ukafupishwe palepale, na vipande vitakavyotolewa virudishwe kwenye kisanduku pamoja na kadi ya dhamana.